Mariana na Ukuta wa Baba

Nikisema siku ya kwanza nilimchukia Mariana, sisemi uongo. Nilikwenda kwenye miche yake, kando ya barabara ya stesheni, nikiwa na haraka zangu na bodaboda ananisubiri. Nilitaka bogenvilia, ile ya zambarau, ifunike ukuta wa uani. Kila nyumba ya maana hapa Mpanda inayo, kwa nini yangu isiwe nayo? Yeye akaendelea kujaza udongo kwenye viriba, akauliza, "Nani atakuwa anakaa anautazama huo ukuta?"

Nikamwambia ni baba yangu, mzee Gervas. Maisha yake yote alikuwa mrina asali kule Ugalla, mpaka sukari ilipomtia kidonda mguuni. Daktari alisema akae karibu na hospitali, kidonda kisafishwe kila baada ya siku mbili, la sivyo mguu utakatwa. Nikamleta kwangu. Tangu afike alikuwa anakaa barazani akitazama bloku za ukuta huo, na wimbo ni ule ule: "Nyie nirudisheni kwangu." Tena alikuwa ameshaagana na mdogo wangu Maiko, aliyebaki Ugalla, kwamba Septemba ijayo aje kumchukua wakatundike mizinga.

"Basi bogenvilia sikuuzii, dada," Mariana akasema. "Ina miiba, na kiangazi kikikaza inapukutisha majani. Mzee atabaki na vijiti na bloku. Kesho nakuja kuona."

Jeuri gani hii ya muuza miche! Niliondoka nimenuna.

Kesho yake saa kumi jioni akaja kweli. Akamwamkia baba, akamwomba kiti chake, akakikalia yeye, macho ukutani, kama yuko kanisani. Kisha akainuka, akaweka kiganja ukutani na kukiondoa upesi. Bloku zilikuwa za moto kama kikaango. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni mtu wa kijiji cha Mamba, binti wa wakulima wa mpunga. Alifiwa na mume akiwa na watoto watatu, na miche ndiyo iliyowasomesha. Hauzi mche wa kutambaa kabla hajakaa pale atakapokaa mwenye nyumba. Wauza miche wenzake humcheka kwamba anafukuza wateja.

"Mzee," akauliza, "kiangazi kikali, nyuki kule kwenu wanakula wapi?"

Baba akaanza kujibu. Akataja miti, akataja mabonde ya mto, akataja mwaka ambao mizinga yake yote ilihamwa na nyuki. Jua likazama bado anaongea. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti nzuri.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mariana akaleta mipesheni miwili, ile ya matunda ya njano. "Hii haivui majani ukiinywesha," akasema. Hakuiegemeza ukutani. Alisimamisha nguzo, akavuta waya shubiri mbili mbele ya bloku ili joto lisiunguze majani. Na kazi ya kumwagilia akampa baba, si mimi. "Maji ya kuoshea mchele yanafaa sana, mzee. Ila usiruke siku."

Septemba ikafika. Mji mzima ulikuwa vumbi na nyasi zilizoungua, lakini ukuta wetu ulikuwa kijani kutoka kona hadi kona, na maua yametoka. Siku hiyo Maiko akaingia na pikipiki. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni, nikaanza kulia. Kidonda kilikuwa bado wazi.

Baba alikuwa kwenye mipesheni na kopo lake. Nyuki walikuwa wengi, wengine wanamtembea mkononi, yeye hata hashtuki.

"Baba, twende, giza litatukutia njiani," Maiko akasema.

"Twende na nani? Nenda wewe, mwanangu, ukatundike mizinga. Mji mzima huu saa hizi hakuna ua. Hawa nikiwaacha, watakula wapi?"

Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Mariana palepale, kwa sauti, mwiko mkononi. Maiko alilala kwetu, asubuhi akarudi Ugalla peke yake. Krismasi kidonda kilikuwa kimefunga, na baba alikwenda misani kwa miguu yake miwili.