Mama Aliyenitafutia Ufunguo Uwanjani

Leo nimemdanganya mama wa watu, na roho yanisuta.

Mwajua tangu muhula uanze nazunguka uwanja wa chuo kila jioni nipunguze mwili. Tulipanga wanne, sote wa chumba kimoja. Siku ya pili nikabaki mimi.

Basi leo, raundi ya tano, jasho tele, natazama chini kama kawaida yangu. (Sitaki kuona nani anacheka.)

Kuna mama hufunga mbuzi wake kando ya uwanja. Akanisimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini? Kila siku nakuona ukizunguka."

Jamani! Ningesema natafuta kiuno?

Nikaona haya. Nikajibu, "Ufunguo wa chumba."

Akajifunga leso vizuri, akaja. Tukazunguka polepole, yeye akipekua nyasi kwa kijiti, huku akiniuliza kwetu wapi, nakula nini, nimezoea? Nikamwambia kwetu Mackinnon Road. Nikamwambia na mengine. Hapa Msambweni hakuna aliyewahi kuniuliza.

Raundi yetu ya pili akashika mgongo. Nikaona vibaya. Nikautoa ufunguo mfukoni kwa siri, nikainama, nikajifanya nimeuokota.

"Alhamdulillahi!" Alifurahi kuliko mimi. Akafungua mbuzi wake, akaenda zake.

Nikabaki nimesimama palepale. Hata kukimbia sikuweza tena.

Niambieni ukweli, marafiki. Kesho nikikiri kwake kwamba sikupoteza kitu, atakubali kuzunguka nami?