Boksi la Wambura

Siku nilipopata habari kwamba nakwenda Kongo nilikuwa likizo nyumbani, Makoko ya Musoma, namsaidia mama kuanika dagaa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Ziwa limetulia, kunguru wamejipanga juu ya bati la jirani wakisubiri tugeuze mgongo, na mama ananisema kwa kuwa nilimwaga dagaa kwa mafungu badala ya kuwatawanya. Simu ikalia. Nilifuta mikono kwenye suruali, nikapokea, nikasikiliza, nikasema, "Sawa, afande." Mama aliniangalia usoni, lakini hakuuliza kitu mpaka tulipomaliza turubai lote.

"Mbali?"

"Kongo. Kwenye ziwa la kule."

"Ziwa ni ziwa," alisema. Halafu akaingia ndani, nikamsikia akivuta maboksi kutoka chini ya kitanda.

Nilikuwa mwanamaji. Watu wa kwetu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa kwenye manowari kubwa, nimevaa nguo nyeupe. Kule tulikuwa na boti tatu za chuma zenye bunduki mbele, mahema kwenye ufuko wa mawe, na kazi moja: kusindikiza boti za raia zisiporwe na wale wa milimani. Wale wa milimani walikuwa makundi mengi, kila moja na jina lake. Sisi tuliwaita hivyo tu.

Kazi ilichosha kuliko ilivyotisha. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukakagua injini, tukajaza mafuta, tukasafisha bunduki. Tulikwenda, tukarudi, tukaosha boti, tukakagua tena. Chakula kilikuwa wali na maharage ya kopo, na kesho yake maharage ya kopo na wali. Jaketi la kuzuia risasi lilitutoa vipele mgongoni. Tulioga ziwani kwa zamu, mmoja kwenye maji na mwenzake ameshika silaha.

Kilichogawa siku zetu kilikuwa lori. Lilikuja kila baada ya wiki tatu au nne kutoka uwanja wa ndege, likileta mafuta, dawa na mizigo ya nyumbani. Nimeona sajenti mwenye watoto watano akikimbilia lori lile viatu mkononi. Mizigo yetu ilipokelewa kambini Dar es Salaam na kuletwa na ndege, kwa hiyo ndugu alitakiwa tu kuifikisha Dar. Mama aliipandisha basi la kutoka Musoma, binamu yangu akaichukua stendi na kuipeleka kambini. Ndani nilikuta dagaa wa kukaanga wenye pilipili, unga wa muhogo, majani ya chai, mche wa sabuni na poda ya vipele. Juu kabisa kulikuwa na karatasi ya daftari: "Kula na wenzako. Usile peke yako kama fisi."

Nilikula na Wambura. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga bunduki wa boti yetu, mtu wa Butiama, mrefu, mpole, asiyependa maji. "Kwetu maji ni ya ng'ombe kunywa," alikuwa akisema, na tulimcheka kwa kuwa alijifunza kuogelea jeshini akiwa mtu mzima. Tuliitana jirani. Ukiwa Kongo, mtu wa Butiama na mtu wa Makoko ni wa nyumba moja.

Lori lilikuja mara ya kwanza, hakupata kitu. Mara ya pili, hakupata kitu. Mara ya tatu hakwenda hata kuangalia. Alibaki kwenye boti akisugua bunduki ambayo alikuwa ameshaisugua.

Mama yake alikuwa mjane, na masikio yake yalikuwa yamekufa kiasi kwamba simu kwake ilikuwa kelele tu. Kila kitu kilipitia kwa baba yake mdogo, Sasi, mwenye duka Bunda mjini. Zamu yetu ya simu ilikuwa dakika chache kila Jumapili. Wambura alimpigia Sasi, nami nikiwa nyuma yake kwenye foleni nilisikia upande wake.

"Mama mzima? ... Anasemaje? ... Hakuna alichotuma? ... Basi, haina shida, baba."

Aliporudi alikaa karibu yangu. "Anasema kule hali ngumu, mvua haijanyesha. Mama anasema nijitunze."

"Kweli mvua haijanyesha?"

"Majura, karanga zinaotaga nyuma ya nyumba yetu hata bila kuombwa. Mtu anakosa karanga?"

Hapo ndipo ningeweza kusema neno lingine. Nilisema, "Achana nao. Mama yangu anakutosha."

Jumapili ile ile nilimpigia mama na kumweleza. Lori lililofuata lilileta maboksi mawili. La pili lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene: WAMBURA. Alilishika muda mrefu kabla ya kulikata kamba. Ndani mlikuwa na vitu vile vile kama vyangu, na karatasi: "Mwanangu wa pili, hao dagaa nimewachambua mwenyewe, hawana mchanga."

Aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, upande wa kushoto. Kuanzia siku hiyo, kila Jumapili alipoongea na mama yangu kwenye zamu yangu ya simu alimwita mama, na akaacha kupiga Bunda. Zamu yake ya simu aliwapa wengine. "Mpe mwenye watu," alikuwa akisema, akicheka. Na mimi nilicheka naye. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri.

Siku yenyewe tulisindikiza boti ya mbao yenye magunia ya mahindi na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni. Saa nne asubuhi. Jua kali. Kijiji walichokuwa wanakwenda tulikijua, tulikuwa tumefika pale mara nyingi, na ufukoni hawakukosekana wanawake wakifua.

Wambura alikuwa mbele kwenye bunduki. Mimi nilishika usukani.

"Majura," aliita bila kugeuka, "mbona hakuna anayefua?"

Nilipunguza mwendo.

Risasi zilitoka migombani.

Sikuzisikia kwanza. Niliona maji yakirukaruka mbele yetu kama yamepigwa na mvua ya mawe. Halafu kioo kilichokuwa mbele yangu hakikuwepo.

Niliingiza boti yetu kati ya ufuko na ile ya mbao. Wanawake walikuwa wamelala juu ya magunia.

Wambura alijibu. Bunduki yake ilipiga muda mrefu, ikanyamaza, ikapiga tena.

Ikanyamaza.

Nilisubiri ipige.

Mshika usukani haachi usukani. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya. Shomari, fundi wetu wa injini, ndiye aliyetambaa mpaka mbele.

"Yuko hai?"

Shomari alirudi akitambaa, peke yake.

Tulipofika mbali na ufuko nilimwachia Shomari usukani nikaenda. Risasi ilikuwa imeingia chini ya kwapa, mahali ambapo jaketi halifiki. Macho yalikuwa wazi. Nilimwita kwa jina lake mara mbili, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwamsha mwenzake zamu imefika.

Boti ya mbao ilifika salama, na magunia yake yote.

Mwili ulisafirishwa kwenda nyumbani. Mimi sikuruhusiwa kuusindikiza, muda wangu ulikuwa bado. Siku tisa baadaye lori likaja. Maboksi yalikuwa mawili. Mama alikuwa ameyatuma kabla ya habari kumfikia.

Tuliliweka boksi la Wambura juu ya kitanda chake, tukaliangalia siku mbili. Mmoja akasema lirudishwe. Mwingine akasema wapewe watu wa kijiji. Siku ya tatu mvua ilinyesha, hema likavuja, boksi likaanza kulowa. Tukalifungua tukala. Dagaa walikuwa watamu, na hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko yote, kwamba ulimi wangu ulijua utamu siku ile.

Niliporudi likizo, mama alisema lazima twende Butiama kutoa pole. Alibeba dagaa kwenye kitambaa na kuvaa gauni lake la kanisani.

Tulimkuta Mama Wambura uani na majirani wawili wakipukuchua mahindi. Mwanamke mdogo wa mwili, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Nilipiga goti.

"Shikamoo mama!"

"Ongea kwa nguvu, mwanangu. Masikio haya yamekufa."

Nilirudia kwa sauti. Nikamweleza mimi ni nani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia. Hakuuliza alikufaje. Aliuliza, "Vitu vyangu vilimfikia?"

Sikuelewa. Nilimwangalia mama, mama akaniangalia.

"Vile nilivyotuma," alisema. "Vilimfikia?"

Mtu aliyefiwa anakuuliza swali kama hilo, unafanyaje? "Vilifika, mama," nilisema.

"Nini?"

"Vilifika!"

Uongo wa kunong'ona una nafuu yake. Mimi wangu ilibidi niupaze, hata majirani waliinua vichwa.

"Alipenda nini zaidi?"

Nilifikiria nyumba ya wafugaji, nikaokota jibu. "Samli, mama! Alikuwa anatugawia sote!"

Aliuachia mkono wangu polepole.

"Samli," alisema. "Ng'ombe wa maziwa tuliwauza alipokufa baba yake. Humu ndani hamjaingia samli tangu hapo." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Nilituma karanga. Na unga wa ulezi. Na soksi nzito, alikuwaga anaumwa miguu wakati wa baridi. Na barua, katekista ndiye aliniandikia. Mara tatu nilimpelekea Sasi apandishe basi. Kila nikimuuliza anasema, shemeji, mtoto anashukuru."

Mikono ya majirani ilikuwa imesimama juu ya magunzi.

"Kwa hiyo hakula hata karanga moja."

Nilitikisa kichwa.

"Alidhani nini?"

"Alidhani hali ni ngumu, mama!"

"Usiniongopee mara ya pili."

Nimepigwa risasi mimi, baadaye, mguuni, na sikulia. Pale nilianza kulia kabla ya kufungua mdomo. Na kwa kuwa hasikii, sikuweza kulisema chini chini.

"Alidhani umemsahau!"

Hakupiga yowe. Aliokota gunzi lililokuwa karibu na mguu wake, akaliangalia kama limebaki punje, akaliweka na mengine. Kisha akamgeukia mama yangu.

"Ni wewe uliyekuwa unamtumia?"

"Ni mimi, dada."

"Asante kwa kumlisha."

Mama alisema, tukiwa njiani kurudi, kwamba angependa zaidi kama angepigwa kofi.

Kesho yake nilikwenda Bunda peke yangu. Duka la Sasi lilikuwa na wateja, nikasubiri waishe. Nilikuwa nimeazimia kumpiga. Alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa na uzi, na alipojua mimi ni nani alinivutia kiti na kunifungulia soda.

"Karanga za mama yake Wambura zilikwenda wapi?"

Hakukana. Hilo ndilo lililoniondolea nguvu. "Basi lilikuwa linasumbua," alisema. "Unapeleka mzigo stendi, wanakuzungusha, siku inaisha. Nikasema, hivi jeshi haliwalishi? Mtu wa jeshi anakosa karanga kweli? Zikakaa hapa, watoto wakala."

"Na barua?"

Alifikiria kwa dhati kabisa, nilimwona akifikiria. "Barua sikumbuki," alisema.

Sikumpiga. Nilisimama nikaondoka, soda imebaki mezani. Nikiwa mlangoni mteja aliingia, nikamsikia Sasi akimkaribisha kwa sauti ile ile aliyonikaribisha mimi.

Miaka imepita. Nilishaacha jeshi, mguu uliniondoa, na sasa natengeneza injini za boti hapa Makoko. Mama Wambura alifariki mwaka uliofuata ule tuliokwenda kwake. Sasi bado ana duka. Watu wanaoijua habari hii humlaani yeye, nami kwa muda mrefu nilimlaani.

Lakini nimebaki na hesabu yangu ambayo Sasi hayumo. Wambura aliponiambia kwamba mtu hawezi kukosa karanga, alikuwa ananiambia kuna kitu hakiendi sawa. Nilisikia. Simu nilikuwa nayo, na mama alikuwa upande wa pili. Kutoka hapa Makoko hadi Butiama mtu anakwenda na kurudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Ningesema tu, "Mama, nenda kamwone mama yake Wambura, umuulize." Angekwenda siku hiyo hiyo. Wangekaa uani wakaelewana kwa kupiga kelele, na Jumapili iliyofuata Wambura angejua.

Sikusema. Sikusema kwa sababu nilipenda kuwa yule mwenye mama. Nilipenda jinsi Wambura alivyolishika boksi lile. Mama alituma mizigo mpaka Kongo, nchi nzima ikavukwa kwa ajili yetu, na Butiama hapa hakuna aliyetumwa.