Afande wa Kiti cha Nyuma

Kampuni ya teksi za simu ninazopanda hapa Kampala ina ushauri kwa abiria aliyepata ajali: tulia, sogea pembeni, piga picha, toa taarifa. Niliusoma nikiwa bado kwenye kiti cha nyuma, shingo imekakamaa, huku dereva akijipangusa damu ya paji la uso kwa mkono wa shati. Nilipofika kwenye "tulia" niliizima simu. Aliyeandika neno lile hajawahi kugongwa, au akigongwa hugongwa na watu wenye adabu.

Tulikuwa tumetoka Wandegeya, ninakofundisha, tukielekea Makindye, ninakoishi. Dereva alikuwa kijana Mkongomani, mkimbizi wa vita vya mashariki mwa Kongo, na njia nzima tulipiga soga kwa Kiswahili, yeye kwa chake cha Kivu, mimi kwa changu cha Kenya, kila mmoja akimcheka mwenzake. Aliniita mama. Alinieleza kwamba gari si lake, na kwamba mwenye gari alimwonya mapema: siku utakayoniletea kesi ya polisi, funguo unarudisha.

Dereva alisimama kupisha watoto wa shule wavuke. Gari kubwa jeusi likatuvaa kwa nyuma.

Mwenye gari lile alishuka akifunga vifungo vya koti. Hakuuliza nani kaumia. Alikagua bampa lake, akalipapasa kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka, kisha akamwita askari wa trafiki aliyekuwa akiongoza magari hapo karibu, kwa kidole, vile mtu aitavyo mhudumu wa baa. Walizungumza Kiluganda pembeni, wakacheka kidogo. Askari akaja moja kwa moja kwa dereva wangu.

"Wewe nasimama-simama barabarani kwa nini? Leta funguo. Twende kituo."

"Afande, watoto walikuwa wanapita. Miye sina kosa."

"Wakimbizi," mwenye koti akasema, kwa Kiingereza, akinitazama mimi kana kwamba tumekubaliana. "Wanapewa magari kabla ya kujua breki iko wapi."

Nilishuka. Nikajieleza kwa Kiingereza changu cha chuo, chenye hoja ya kwanza, ya pili na hitimisho. Askari alinisikiliza kama wanafunzi wangu wanavyonisikiliza saa nane mchana. Nikajaribu Kiluganda, na waendesha bodaboda waliokwisha kutuzunguka wakaangua kicheko. Mwenye koti akanishika kiwiko, taratibu, kwa huruma, akaniita bibi kwa Kiluganda.

"Nnyabo, wewe ni abiria tu. Panda boda uende nyumbani."

Abiria tu! Shingo yangu ilikuwa ikiwaka moto, kijana wa watu anavuja damu, na mtu aliyetugonga ananishauri usafiri. Hapo nikagundua kwamba hasira yangu haijui Kiingereza. Ilitoka kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mama yangu alikuwa akiitumia kufukuza mbuzi kwenye bustani ya sukuma wiki.

"Wewe! Rudisha funguo! Nani amekuambia uzichukue? Gari limegongwa nyuma, unamkamata wa mbele? Pima hapa! Andika! Na wewe wa koti, toa mkono wako, simama pale, usiondoke!"

Kicheko kilikatika. Hata boda moja iliyokuwa ikinguruma ilizimwa.

Nimeishi mji huu miaka ya kutosha, ningepaswa kujua. Kwetu Kiswahili ni cha kununulia nyanya. Hapa, kwa wengi, ni lugha waliyoisikia ikitoka kwenye vizuizi na kambi za wanajeshi, na anayeimwaga bila kukwama huwa ana bunduki mahali fulani. Niongeze kwamba nywele nilikuwa nimezinyoa kwa sababu zinakatika, na nilivaa gauni la kaki na viatu vyeusi vizito nilivyoandikiwa na daktari kwa ajili ya kisigino.

"Nyinyi, angalia viatu!" boda mmoja akanong'ona. "Hiyo ni ya jeshi kabisa."

Askari alikuwa amekwisha kunyooka. "Afande, samahani. Sikujua ni wewe."

Ni mimi nani? Sikuuliza. Wala sikukana. Mwanamke ambaye hana uwezo wa kumnyamazisha mwanafunzi wa mstari wa nyuma alisema "Andika," na askari akaandika. Akapima. Akamdai mwenye koti leseni, na yule bwana akaitoa kwa mikono miwili, akiniita afande naye, akiapa kwamba breki zake zilimsaliti. Ukweli ulikuwa uleule niliousema kwa Kiingereza dakika chache kabla. Hakuna aliyeuhitaji mpaka ulipovaa buti. Nilishinda, na sijawahi kukasirika vile maishani mwangu.

Dereva alirudishiwa funguo. Alinifungulia mlango, amesimama wima, macho yake kwenye viatu vyangu.

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Yamekwisha. Tupitie zahanati wakuangalie hilo jeraha."

"Niko mzima, afande."

"Afande gani? Mimi ni mwalimu. Si nimekuambia tangu Wandegeya?"

"Ndiyo, afande."

Akaondoa gari. Mikono yote miwili kwenye usukani, mgongo haugusi kiti. Nilieleza juu ya kisigino, nywele, mbuzi wa mama. Kila nilivyoeleza ndivyo mabega yake yalivyopanda. Nilikumbuka alikotoka, na ni watu gani humwambia mtu mambo matamu kwa Kiswahili kabla ya kumshusha garini. Nikanyamaza.

Makindye aliipita kona ya kwangu, ingawa ramani ya simu ilikuwa ikimwelekeza pale. Alipanda kilima, akasimama mbele ya geti la kambi ya jeshi, akashuka kunifungulia mlango.

"Tumefika, afande," akasema.

Mlinzi wa geti alitutazama. Nilishuka, kwa kuwa kubishana mbele ya bunduki kungemtisha zaidi, nikasema asante. Gari lilishuka kilima likiwa na bampa lililoning'inia, wala halikusimama tena. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na viatu vyangu vizito vikipiga lami kama vya mtu anayejua anakokwenda.