Kiraka cha Upande wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu, rula ya chuma na kadibodi, nikaambiwa nikate madirisha. Karakana ilikuwa River Road, Nairobi, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabomba. Tulitengeneza modeli za majengo kwa ajili ya wasanifu: hoteli, benki, mitaa mizima ya nyumba ambazo bado hazijachimbiwa msingi. Fundi Mkuu, mtu wa maneno machache, aliyatazama madirisha yangu, kisha akayasukuma kando. "Msichana, usikate kwa nguvu," akaniambia. "Pitisha kisu polepole, tena na tena. Kadibodi itaachia yenyewe." Maneno hayo ndiyo yaliyonilisha hadi nikastaafu.

Kutoka hapo nilihamia ofisi ya wasanifu katikati ya jiji. Msanifu Mkuu alipenda usafi kupita kiasi. Modeli ikiwa na alama ya kidole, ilirudi mezani kwangu. Magari yetu madogo hayakuwa na vumbi, na kuta zetu hazikuwahi kunyeshewa. Nikawa hodari wa kutengeneza vitu vinavyoonekana kama havijawahi kuguswa na mtu. Baadaye kompyuta zikaja, michoro ikaanza kuonyeshwa kwenye skrini, na kazi ya mikono ikapungua. Nilibahatika kuajiriwa na jumba dogo la makumbusho, papo hapo mjini.

Msimamizi wa Maonyesho ndiye aliyeniagiza ndege. Alikuwa akiandaa chumba cha Wakenya waliofanya kazi katika Vita Kuu ya Pili, naye alitaka ndege ya kivita ya injini moja, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Alinipa picha moja ya zamani, akanisihi nisitoke nje yake.

Niliijenga kama nilivyofundishwa. Nilichonga vipande vya plastiki, nikavigandisha, nikaziba mianya kwa lipu laini na kuipiga msasa wa maji hadi mshono ukapotea. Nikapaka andakoti, yaani rangi ya kwanza inayoshika zile za juu, kisha mabaka ya kijani na kahawia. Iling'aa. Nilijivunia.

Msimamizi alimwalika Mzee Njuguna aje kuitazama. Mzee huyu aliishi Kileleshwa kwa binti yake, Mama Shiko, mwalimu. Ujanani alikuwa kibarua katika uwanja wa ndege za kivita huko kaskazini, akiziosha na kuzijaza mafuta. Aliizunguka meza taratibu, fimbo mkononi.

"Umeitengeneza vizuri, mama," akasema. "Lakini hii haijatoka nyumbani bado."

Hakusema kwa ubaya. Nilimvutia kiti karibu na dirisha, nikamwomba anieleze, na kuanzia hapo Mama Shiko akawa anamleta kila alipopata nafasi. Ndivyo nilivyojifunza kuchakaza, yaani kukipa kitu kipya umri wake. Aliniambia rangi ilibanduka pale mafundi walipokanyaga wakipanda bawa. Basi nilipaka rangi ya fedha, nikailowesha kwa maji, nikanyunyiza chumvi, nikapaka kijani, na ilipokauka nikaisugua chumvi itoke. Fedha ikachungulia, kama chuma kilicholiwa na viatu. Masizi ya injini niliyapata kwa mkaa uliosagwa. Vumbi jekundu la uwanja ule lilinisumbua zaidi. Nilijaribu udongo wa kweli, lakini kwenye ndege ndogo kila chembe ilionekana kama jiwe. Mwishowe nilisaga chaki ya rangi na kuipuliza.

Siku moja, brashi ikiwa mkononi mwangu, Mzee alinyoosha kidole ubavuni mwa ndege, upande wa kushoto, akaniomba niweke kiraka hapo. Alinisimulia polepole. Risasi ilikuwa imetoboa ubavu, naye na rafiki yake Wafula, kijana wa kutoka upande wa Bungoma, wakaagizwa kusaidia kuziba. Rangi ya kijani ilikuwa imekwisha, wakachanganya iliyobaki, ikatoka kijani tofauti. Wafula alicheka sana kuona vile. Kabla ya wiki kuisha uwanja ukapigwa mabomu, Wafula akafa. Walimzika palepale mchangani. Mzee hakuwahi kurudi kwenye kaburi hilo.

Nilimpelekea Msimamizi ombi hilo. Alivua miwani.

"Hiyo picha haionyeshi kiraka yoyote," akasema. "Tukiweka kitu hatuna hakika nayo, watu watauliza na mengine."

Nilimwelewa. Kazi yake ilikuwa kulinda ukweli, na kumbukumbu ya mzee inaweza kuteleza. Nikamwonyesha tu kwamba picha ilipigwa kutoka upande wa kulia wa ndege, na ubavu wa kushoto hauonekani. Alivaa miwani tena, akaikagua ile picha.

"Basi weka," akasema. "Na chini tutaandika ni Mzee ndiye ametuambia."

Nilichanganya kijani kisicholingana, jambo ambalo Msanifu Mkuu wangu wa zamani asingelivumilia. Kisha nikakumbuka kwamba kabati la kioo lilipangwa kuegemea ukuta, na upande wa kushoto ungefichika. Sikuwa na ujasiri wa kuomba tena. Lakini asubuhi ya ufunguzi nilikuta kabati limesogezwa katikati ya chumba. Msimamizi alikuwa akikunja mikono ya shati, jasho likimtoka.

Mzee Njuguna aliingia na binti yake. Alipita mbele ya ndege bila kusimama, akazunguka hadi kushoto, akainama.

"Wafula," akasema. "Ndiyo hii."

Mama Shiko alimtazama baba yake, kisha akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka yangu anaitwa Wafula, jina la watu wa Bungoma. Sisi Wakikuyu. Tulimuuliza Baba kwa nini, miaka na miaka, akawa ananyamaza tu."

Alimshika baba yake mkono, wakakaa kwenye benchi, naye mzee akaanza kumsimulia. Niliwaacha.

Sasa nimestaafu. Vidole vyangu vimekakamaa, brashi nyembamba haishikiki tena. Vijana huja kuniuliza siri ya kuchakaza, nami huwaeleza habari za chumvi na chaki, kisha huwauliza wanajua nani alikishika kitu hicho kabla yao. Wengine hawarudi.

Mzee amekwisha kufariki. Nilipopita makumbusho mara ya mwisho, mhudumu wa usafi alinilalamikia kuhusu lile kabati. Kioo cha upande wa kushoto, alisema, anakipangusa kila siku, na kila siku kinajaa alama za vidole.