Binamu Yangu Ana Mimba, Akamwambia Mwanamke Ninayemwonea Wivu

Habari admin, jina langu lifiche, na majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Tanga, umri wangu miaka thelathini na saba. Niko Guangzhou mwaka wa tisa sasa, nasafirishia watu mizigo. Sina mume, sina mtoto.

Huku nilianzisha kikundi cha wanawake wa Afrika Mashariki. Kilianza pale laoban mmoja, yaani bosi, wa karakana ya jinzi kule Xintang, alipomzuilia dada mmoja pasipoti yake. Nilimfuata karakanani, nikapiga kelele mbele ya wateja wake mpaka akaitoa. Toka siku ile msichana akipata shida, simu ya kwanza ni yangu. Jamani nilipenda. Nilijiita mfeministi bila aibu.

Akaja Wangari, Mkenya, anasoma udaktari wa falsafa. Mzuri, mcheshi, anajua kuongea. Siku moja tumekaa kwangu na wanakikundi tunakula, mada ikafika kwenye kutoa mimba. Nikasema ninachoamini mpaka leo: napigania wanawake, ila mimba kutolewa sikubali, maana aliye tumboni naye ni mtu, na huenda ni mwanamke kama sisi.

Wangari akatabasamu. "Dada, nakuheshimu sana. Lakini ukimwamulia mwanamke mwili wake, umepishana wapi na yule laoban aliyeshika pasipoti?"

Wakapiga makofi. Kwangu, wanakula wali wangu, wanampigia makofi yeye! Nilijibu kwamba pasipoti haina moyo unaodunda, lakini hakuna aliyesikia, walikuwa wanacheka.

Baada ya hapo simu yangu ikapoa. Nikawa naona picha zao wametoka pamoja, mimi sina habari. Nilizikuza zile picha nimtafute Wangari kasoro, nguo, viatu, chochote. Sikupata.

Sasa kilichonileta hapa. Naishi na Salha, mtoto wa shangazi yangu, mwanafunzi, nimemleta mwenyewe huku. Majuzi tunakunywa chai akasema, "Dada, nina mimba. Wangari anajua."

Nikaweka kikombe chini. "Anakupeleka ukaitoe?"

"Hapana, nazaa. Aliniuliza nataka nini, nikamwambia nataka kuzaa. Akaenda na mimi chuoni kuomba ufadhili wangu usikatwe, wamekubali nipumzike kisha nirudi."

"Mbona hukuja kwangu? Mimi ndiye ningeitetea hiyo mimba!"

Akaanza kulia. "Mimba ungeitetea, dada. Mimi je? Na kama ningekuja nikakwambia siitaki?"

Na ndugu zangu, nilichowaza pale ndicho kinachonitesa. Mtoto anazaliwa, ndicho ninachokihubiri siku zote, nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake, kwa dakika moja hivi, nilitamani Wangari angekuwa amempeleka kuitoa, ili wote waone nilikuwa sahihi. Mimi! Nilikimbilia bafuni nikafungulia maji nisisikike nikilia.

Imani yangu haijabadilika, na sitaki kuambiwa nichague kati yake na utetezi wa wanawake. Lakini siku hizi nikifungua mdomo kuisema, sijui kama ni imani inayoongea au ni wivu.

Salha ana kliniki wiki ijayo. Ameomba tumsindikize wote wawili, mimi na Wangari, na anataka jibu langu. Wangari naye kaniandikia: "Dada, tukikosana kwa maneno ni sawa, ila huyu binti anakuhitaji." Sijamjibu. Kikundi chetu cha kwenye simu bado kiko mikononi mwangu, naweza kumtoa Wangari muda wowote, na kidole kinaniwasha.

Ninyi mnaosoma, hasa kina mama, hebu niambieni ukweli hata kama utaniuma. Nikae benchi moja na mwanamke ninayemwonea wivu hivi, au nimwachie Salha wake? Nifanyeje mimi?