Mtihani Usioruhusu Kusema Karibu

Chumba kilitakiwa kiwe kitupu. Maelekezo yalikuwa wazi: meza isiwe na karatasi, ukuta usiwe na maandishi, simu iwe chumba kingine, na asiwepo mtu mwingine ndani mpaka nimalize. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilishusha kalenda ya parokia, cheti changu cha shahada na picha ya harusi yetu. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama nikimshusha ukutani, yeye na shela lake.

"Hata mie natiliwa shaka?"

"Una maandishi kwenye fremu," nilimjibu.

Nilikuwa nafanya mtihani wa cheti cha usalama wa mtandao, ule unaotambulika kila nchi, na nilikuwa naufanyia nyumbani kwetu Mbezi, mbele ya kompyuta, nikitazamwa kupitia kamera na msimamizi aliyekuwa bara jingine. Nina umri ambao wenzangu wakikutana wanaulizana habari za presha.

Kwa asili mimi ni mtu wa fasihi. Niliajiriwa na chuo kimoja cha jioni huko Kinondoni kufundisha stadi za mawasiliano. Mwalimu wa kompyuta alipohama, mkuu wa chuo alichungulia ofisi ya walimu, akaona mtu mmoja tu mwenye kompyuta yake mwenyewe, akanipa somo la usalama wa mtandao. Nikasoma kozi ya mtandaoni, nikapata cheti cha kuhudhuria, yaani kile kinachothibitisha kwamba ulikuwepo na hukufa. Nikasoma nyingine, na nyingine. Nilikusanya vyeti vya kuhudhuria kama watu wanavyokusanya kadi za michango ya harusi.

Ajabu ni kwamba nililipenda somo. Wanafunzi wangu huja wamechoka na kazi, wengine wanasinzia, halafu ghafla mmoja anaelewa jinsi ujumbe wa tapeli unavyomfikia mama yake kwenye simu, anakaa wima, anauliza swali kwa sababu anataka jibu. Katika miaka yote ya kufundisha fasihi sikuwahi kupata swali la namna hiyo. Wengi wao walikwenda kufanya mtihani wa kimataifa na kufaulu. Binti mmoja mtulivu kutoka Temeke, ambaye sasa analinda mifumo ya benki, aliwahi kuniuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, wewe uliufanya mwaka gani?" Nikamwambia maswali binafsi tutayachukua mwisho wa kipindi. Kipindi hicho nilikimaliza nikiwa nimeshashika mlango.

Kisha mkuu akaniita.

"Braza, mie sina shida na wewe. Ila wakaguzi wanataka anayefundisha awe na cheti chenyewe, siyo hivi vya kuhudhuria. Muhula unaanza Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Kama huna, somo nampa binti yako."

"Binti yangu yupi?"

"Yule wa benki. Keshakubali."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: nikifaulu, darasa langu, nikianguka, darasa la mwanafunzi wangu. Nikajichelewesha kama kawaida yangu, nikasoma, nikaogopa, nikasoma tena, mpaka nafasi niliyoipata ikawa Jumamosi ya mwisho kabisa, saa tatu asubuhi.

Nilizunguka mtaa kama mgombea udiwani. Fundi wa kuchomelea mageti aliahidi kuanza kazi mchana. Mama wa saluni, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja na ambaye hupiga muziki wa singeli tangu asubuhi, alinisikiliza huku akisuka.

"Mtihani? Wewe mwalimu?"

"Ndiyo, mimi."

"Haya, makubwa. Redio nitazima. Vinywa vya wateja siviwezi."

Aliyebaki alikuwa mama mkwe. Alikuwa anakuja kutoka Songea na basi la usiku, aje atibiwe macho. Mke wangu angempokea stendi pale Mbezi Luis, kisha wapitilize hadi Buguruni kwa shangazi yake, wanywe chai na wapige soga mpaka saa saba. Nami ningekuwa nimeshamaliza, nimevaa shati safi, nasubiri mlangoni kwa heshima zote. Mpango ulikuwa hauna tundu.

Saa tatu nilimwonyesha msimamizi chumba kizima kwa kamera: dari, sakafu, chini ya meza. Akataka kuona masikio yangu, kama nina kitu ndani. Akataka nikunje mikono ya shati. Kisha akaniandikia masharti kwa Kiingereza, kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa skrini: nisiinuke, nisiseme, nisisogeze midomo, nisiondoe macho kwenye skrini. Nikikiuka, mtihani unafutwa.

Meza ilikuwa imetazama dirisha, na pazia lilikuwa wazi ili uso wangu upate mwanga. Feni nilizima kwa sababu ya kelele zake. Nilianza vizuri. Maswali ya mwanzo yalikuwa yale ninayoyafundisha: nywila, nakala za akiba, wadukuzi na njia zao. Nilikuwa nimefika kwenye mfanyakazi aliyepigiwa simu na mtu anayejiita bosi wake nilipomsikia.

"Hodi!"

Basi lilikuwa limewahi. Simu yake ilikuwa imezima. Hayo nimeyajua baadaye. Asubuhi ile nilichojua ni sauti tu, sauti ninayoipigia magoti tangu nikiwa mchumba.

"Hodi hapa!"

Nilichagua jibu. Silikumbuki.

"Hodi wenyewe!"

Mtu akipiga hodi ya tatu asijibiwe, huondoka. Lakini mama alikuwa ameshazunguka upande wa dirisha, na kwa macho yake hayo hayo mabovu aliniona, nyuma ya nondo, umbali wa mkono mmoja tu. Kwa juu ya skrini nililiona pindo la kitenge alichojifunga kichwani. Sikuthubutu kuinua macho zaidi ya hapo.

"Si huyu hapa? Baba! Baba, ni mie mama yako, nimefika!"

Mdomo ulitaka kufunguka wenyewe. Niliubana mpaka meno yakauma. Tangu nipate akili sijawahi kusikia hodi nikakaa kimya, na mwili haukujua ufanye nini. Magoti yalikuwa yanainuka, mimi nayarudisha.

Kidirisha kikawaka. "Nasikia sauti. Uko peke yako?"

Nikaandika: "Ndiyo. Ni mgeni, yuko nje."

"Mwambie aondoke."

"Umesema nisizungumze."

"Sahihi. Usizungumze. Hili ni onyo."

Mama aliweka mzigo chini. Nilisikia kuku akilalamika ndani ya kapu.

"Baba, unaumwa? Mbona jasho hivyo? Hebu chezesha mikono nikuone."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye kipanya, ukacheza. Wa kushoto ulikuwa juu ya goti, hauonekani wala hausogei.

"Mungu wangu. Unacheza mmoja tu. Upande mmoja umelala." Kisha akapaza sauti kwa mtaa mzima: "Jamani! Jirani! Njooni, mwanangu kapigwa kiharusi!"

Nikausogeza wa kushoto haraka, nikaupandisha mezani. Kidirisha kikawaka: "Mikono yako inafanya nini?"

Mama wa saluni alifika mbio, ndala zikipiga. Akaanza kunong'ona, na mnong'ono wake unafika barabarani.

"Mama, shikamoo. Haumwi. Yuko kwenye mtihani."

"Marahaba. Mtihani gani?"

"Wa kompyuta."

"Mtu mzima na mvi hizo? Mwalimu wake yuko wapi?"

"Yumo humo humo kwenye kompyuta, anamwangalia."

"Basi na huyo mwalimu naye nimsalimie. Amruhusu aseme karibu, halafu waendelee."

"Haruhusiwi mama. Akisema neno moja, wanamfutia."

Swali lililokuwa mbele yangu lilikuwa refu, na nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulielewa.

"Mwanangu," mama alisema, na sasa hakuwa anapaza sauti, "mie ni mtu mzima. Kama mmegombana na binti yangu, useme. Usinitungie mtihani."

"Haki ya Mungu mama, njoo ukae saluni unywe maji."

"Sikuja saluni. Nimekuja kwa mwanangu, nikamwona na macho yangu, na yeye kanisikia. Basi. Nitarudi stendi."

Pindo la kitenge likatoweka juu ya skrini. Nikasikia kapu likinyanyuliwa, na kuku.

Muda uliobaki ulikuwa wa kutosha kabisa. Nikiutumia kwa utulivu, ningeweza kuyapitia yale niliyoyawekea alama, kama ninavyowaambia wanafunzi. Pia ningeweza kuinuka pale pale na kufutiwa kila kitu. Nikafanya kitu cha katikati, ambacho kwa uzoefu wangu ndicho kibaya kuliko vyote. Maswali yote yaliyobaki niliyajibu kwa kuchagua jibu refu zaidi, bila kusoma, bofya, bofya, nikisikia ndala zake zikielekea getini. Nikabofya kumaliza. Wakaniuliza kama nina hakika. Nikabofya ndiyo. Wakaniuliza tena.

Nilitegemea matokeo. Likaja dodoso. Kabla ya kuona matokeo yako, tafadhali tueleze ulijiandaa kwa njia gani.

Nikaliacha hapo hapo, nikatoka mbio.

Nilimkuta kwenye kijiwe cha bajaji, kapu likiwa tayari limepakiwa, dereva ameshawasha. Mguuni nilikuwa na ndala yangu moja na moja ya mke wangu.

"Mama, shikamoo!"

Hakuitika. Madereva wakageuka kutazama.

"Kumbe unatembea," alisema.

"Natembea mama. Shikamoo."

"Ngoja kwanza. Ulikuwa unanisikia?"

Ningeweza kusema kwamba nilikuwa na vitu masikioni. Wapo wanaovaa. "Nilikuwa nakusikia."

"Hodi zote?"

"Zote."

"Na la kiharusi?"

"Hata hilo mama."

Alinitazama miguuni muda mrefu, macho akiwa ameyabana. "Marahaba," akasema mwishowe. "Mpe huyu baba hela yake, kapu ni zito."

Mke wangu alirudi kutoka stendi akiwa anahema, ameshamtafuta mama kwenye kila basi, akatukuta sebuleni na mie nimebeba kuku. Tukaingia chumbani wote watatu. Dodoso lilikuwa bado linanisubiri. Nilijaza huku mama amekaa kitandani. Walipouliza kama mazingira ya mtihani yalikuwa tulivu, nilimtafsiria.

"Waambie kweli," alisema.

Nikawaambia kweli. Matokeo yakatokea: nimeanguka, kwa alama chache sana. Chini yake wakaorodhesha mada ninazotakiwa kuzirudia.

Mke wangu alianza kurudisha picha ya harusi ukutani, akaikosea msumari.

"Ni kwa sababu yangu?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kuna mambo ya kuficha ujumbe kwa hesabu ambayo sijawahi kuyaelewa vizuri. Hata bila wewe yangeniangusha."

Hilo lilikuwa kweli kiasi cha nusu. Nusu nyingine tuliiacha kila mmoja abaki nayo.

Jumatatu nilimkabidhi binti wa Temeke kalamu za ubao. Alinipa shikamoo, akaona aibu, akataka kunirudishia. Nikamwambia aendelee, nikaenda kukaa nyuma na wanafunzi. Muhula mzima nilikaa pale. Alifundisha yale mambo ya kuficha ujumbe kwa mfano wa makufuli mawili na sanduku moja, nami nikayaelewa kwa mara ya kwanza, nikiwa nimetoka kuyafundisha miaka kadhaa. Siku moja aliniuliza swali mbele ya darasa. Sikulijua. Alisema tutalichukua mwisho wa kipindi.

Mama alikuja kwa wiki mbili. Macho yalitibiwa, yakapona, akawa anaona mpaka vumbi la juu ya kabati, lakini hakutaja kuondoka. Kila usiku nikirudi aliuliza, "Lini tena?" Nilipomtajia siku, aliuliza kama yule mwalimu wa kwenye kompyuta anasikia mpaka getini.

"Anaweza kusikia, mama."

Siku yenyewe nilikaa mezani, ukuta mtupu, feni imezimwa. Msimamizi alikuwa mwingine, akataka kuona masikio yale yale. Nikaanza. Nilisubiri kusikia kitu: mtu wa maji, mtoto wa jirani, katekista wa jumuiya ambaye Jumamosi hakosi. Mara kadhaa nilisikia geti likiguswa, kidole kikasimama juu ya kipanya. Kisha hakuna. Hata hodi moja haikupigwa. Nilisoma kila swali mpaka mwisho, nikayarudia niliyoyawekea alama, nikajaza dodoso lao kwa adabu.

Nilipotoka, mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki nje ya geti, fimbo ya kufagilia buibui ikiwa imelala mapajani. Mke wangu alikuwa amekaa chini upande wa pili wa njia, na mifuko yake ya sokoni, amezuiwa. Katekista alikuwa kando yake. Inasemekana hakuna aliyeambiwa neno. Aliyekaribia aliinuliwa fimbo tu.

Mama alinitazama, akaweka mkono kifuani, akanong'ona:

"Sasa naruhusiwa kukohoa?"

"Ruksa, mama."

Akakohoa, kikohozi kirefu cha asubuhi nzima, mpaka mama wa saluni akatoka nje kuangalia. Akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Wamekupa cheti?"

"Wamenipa."