Mtamba Asiye na Mwenyewe

Mpaka leo nikisikia mtu akilitamka neno "taifa" kwenye kipaza sauti, damu inanichemka. Nimesoma vitabu vingi vya watu waliopindua wafalme na watu waliofukuza himaya, na ninawaheshimu. Lakini neno lenyewe nililionja kwanza Isiolo, nikiwa kidato cha pili, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, na lilikuwa na ladha ya nyama.

Kwetu, familia ya Waborana, mtoto akizaliwa alipewa ndama jike. Tulimwita ng'ombe wa kitovu. Ndama huyo ni wa mtoto, na wote atakaowazaa ni wa mtoto, hata kama mwenyewe bado ananyonya. Baba huchunga tu. Hawezi kumuuza wala kumchinja bila kumwomba mwenyewe, na nimemwona babu yangu, mzee wa mvi, akimbembeleza mjukuu ambaye hajaota meno ya ukubwani amkubalie kuuza dume moja. Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ilikuwa kongwe kuliko bendera zote mbili zilizowahi kupepea ofisini kwa DC.

Mimi nilipewa wangu kabla tu ya mambo kuharibika. Ikaja ile miaka ambayo watu wetu wanaiita gafa Dhaba, wakati wa kusimamishwa. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na kwa kuwa baadhi yetu walidai kujitenga, sisi wa kaskazini sote tukahesabiwa maadui. Watu walifungiwa kambini, mifugo ikapigwa risasi mbele ya wenyewe. Uhuru gani huo? Wengine walipata mashamba, sisi tukapata mizoga. Katika uzao wa ng'ombe wangu alisalia jike mmoja aliyekuwa amepotelea vichakani upande wa Gotu. Nilipoingia sekondari huyo naye alikuwa amekufa, ameacha mtamba mmoja mweupe, mnene, mwenye masikio meusi, ambaye hajapandwa bado. Baba alikuwa na mbuzi na madume machache, lakini jike alikuwa huyo tu. Tukimpoteza, kundi letu limekwisha.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa kijana kutoka upande wa Meru, mwenye kulipenda somo lake mpaka jasho linamtoka. Alitufundisha juu ya wakulima wa Ufaransa waliochoka kuwalisha mabwana, na sisi tukawa upande wao bila kusita. Siku moja akatueleza jinsi Waingereza walivyochukua ardhi yetu. Waliuliza shamba ni la nani. Watu wakajibu, si langu, ni la ukoo, ni la watoto watakaokuja. Mwingereza akasema, basi halina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha mfalme. Mwalimu akaupiga ubao kwa kiganja.

"Huo ni wizi!" akasema.

Tulimpigia makofi.

Muda si muda ikakaribia siku kuu ya taifa. Chifu akatangaza kwamba kila mtaa utachangia mnyama wa karamu, kwa hiari. Hiari yenyewe ilifika kwetu, upande wa Burat, ikiwa na askari kanga wawili, polisi wa utawala, wenye bunduki. Ilikuwa Jumamosi na mimi nilikuwa nyumbani. Baba hakutaka ugomvi. Alikuwa ameshawatengea dume zuri, amelifunga pembeni.

"Salaam aleikum, mzee," chifu alisema. Alikuwa Mkristo, lakini salamu za kila boma alizijua.

"Aleikum salaam. Dume ndiyo ile. Chukua."

Chifu hata hakulitazama dume. Macho yake yalikuwa kwa mtamba. "Na hii nono hapa, ni ya nani?"

"Hii si yangu," baba akasema. "Hii ni ya mtoto. Mimi nachunga tu."

"Mtoto gani?"

"Huyu msichana."

Askari mmoja akacheka. "Mtoto ya shule iko na ngombe?"

Kwa baba, jibu lile lilitosha kumaliza maneno. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri angelisikia, angeomba radhi na kuondoka na dume lake. Kama baba angesema tu "ni wangu", labda wangebishana, labda wangeona haya. Lakini baba yangu hakuweza kujiita mwenye kitu ambacho si chake, hata kwa kukiokoa.

"Mtoto hana mali," chifu akasema. "Na wewe umesema si yako. Sasa kama haina mwenyewe, ni ya serikali. Funga kamba."

Nilimrukia mtamba shingoni. Nilipiga kelele kwamba ni wangu, nilipewa siku niliyozaliwa, na kwamba huo ni wizi. Chifu akaniuliza kwa upole kama mimi niko kwaya ya shule. Nikasema ndiyo.

"Basi wewe ni mzalendo," akasema. "Umechangia mara mbili."

Wakacheka wote watatu. Nilitamani kuwauma.

Jumatatu nilimfuata mwalimu baada ya somo. Nilimweleza yote, na nikamwambia ni kile kile alichotufundisha, maneno yale yale, ila badala ya mfalme kulikuwa na chifu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kufunga dirisha.

"Sikiza," akasema. "Ile ilikuwa mkoloni. Hii ni serikali yetu. Kwa mtihani uandike ya mkoloni peke yake. Tumeelewana?"

Alikuwa mtu mwema na alikuwa na woga, na mpaka leo sijaamua ni kipi kati ya hivyo viwili kinaniudhi zaidi. Niliandika ya mkoloni. Nilipasi.

Siku kuu ilipofika maduka yalifungwa kwa amri na watu wakasukumwa uwanjani. Mgeni wa heshima alisema sisi sote ni kitu kimoja, hakuna wa kaskazini wala wa kusini. Wakati huo huo, pale kwenye kizuizi cha barabarani nje ya mji, abiria wa malori kutoka Marsabit na Moyale walikuwa wakiteremshwa waonyeshe vitambulisho, ndiyo maana watu wa huko wakisafiri kwenda Nairobi husema wanaenda Kenya. Hawatanii. Sisi wanakwaya tukaimba kuhusu nchi nzuri yenye haki, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Baadaye wakatuita tule. Walikuwa wamemtafuta Mwislamu achinje, ili wote waweze kula. Adabu hiyo waliikumbuka. Nilipewa sahani ya wali na vipande viwili vya nyama, na kando ya sufuria nikaona kichwa cheupe chenye masikio meusi. Sikukaa na wenzangu. Niliibeba sahani mpaka kwenye ua, ambako baba alisimama juani na wazee wengine walioletwa kwa nguvu.

"Kwa nini huli?" akaniuliza kwa Kiborana.

"Baba, ni yeye."

"Najua ni yeye. Kula."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia chifu. Machozi yakanitoka, nikamuuliza kama ameshachoka kuwa mtu.

Hakunijibu ukali kwa ukali. Alitazama jukwaa, ambako chifu alikuwa akinyonya mfupa. "Wale wote wanakula cha wizi," akasema. "Uwanja huu mzima, mwenye ng'ombe ni wewe peke yako. Usiwaachie hata hicho."

Nikala. Nilitafuna huku nalia, na nyama ilikuwa tamu, jambo ambalo sitawasamehe kamwe.

Kikabaki kipande kimoja. Baba akafuta kiganja chake kwenye shuka, akakinyoosha mbele yangu, na kuniuliza, mimi mtoto wa kidato cha pili, kama namruhusu.

Siku ile yote ya taifa, hakuna mwingine aliyeniomba.